Darasa la Mikataba ya Wachezaji, Kirumba: Hoki ya Barafuni Yafundishwa Ufukweni mwa Ziwa

Kwa yeyote anayehusika na usajili wa wachezaji Kanda ya Ziwa, awe mhazini wa klabu, mtangazaji wa michezo redioni au mzazi wa kijana anayetafutiwa timu, lipo darasa la jioni linaloendeshwa Kirumba, si mbali na uwanja wa CCM, linalofundisha namna ya kumpima mchezaji pamoja na mkataba wake. Upekee wa darasa hilo ni kwamba mifano yake karibu yote inatoka katika soko la wachezaji huru la NHL, yaani ligi ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, mchezo ambao hapa Mwanza hauna hata kiwanja kimoja. Nilililipia ada ya shilingi 60,000 na kulihudhuria hadi mwisho. Waendeshaji sitawataja, kwa kuwa darasa ni dogo na baadhi ya nitakayoyasema hayatawafurahisha, ila atakayeulizia maeneo ya uwanjani hatakosa wa kumwelekeza.

Nianze na swali ambalo kila mtu aliniuliza: kwa nini hoki? Jibu la mwalimu ni la msingi, na baada ya kulitafakari naona ana haki. Katika soka letu mkataba ni siri. Tunasikia kwamba fulani amesajiliwa kwa "dau nono", tunaambiwa ni miaka miwili, na baada ya hapo kila kitu ni tetesi, kiasi kwamba hata wanachama wanaolipa kadi hawajui klabu yao inadaiwa nini. Katika NHL, mshahara wa kila mchezaji, idadi ya miaka, fedha za usajili zinazolipwa mapema na vipengele vya kukataa kuhamishwa vyote hujulikana, na tovuti kama PuckPedia huvipanga klabu kwa klabu ili msomaji wa kawaida avione bure. Thamani ya taarifa hizo ilionekana mwaka 2024, pale klabu ya Washington Capitals ilipoinunua CapFriendly, tovuti nyingine ya aina hiyo, na kuifunga kwa umma. Huwezi kumfundisha mtu kupima mkataba usioonekana, na huko mikataba inaonekana. Ndiyo maana watu ambao barafu wanayoijua ni ile ya kuhifadhia sangara walikaa wakijadili mishahara ya mabeki wa Minnesota.

Vipindi vya kwanza vinahusu kanuni, na vimepangwa vizuri. Tangu mwaka 2005, baada ya msimu mzima wa 2004–05 kufutwa kutokana na mgogoro wa wamiliki na wachezaji, NHL imekuwa na ukomo wa mishahara ambao hakuna klabu inayoruhusiwa kuuvuka kiholela. Ulianza na dola milioni 39 kwa klabu, ukakwama kwenye milioni 81.5 kwa misimu mitatu mfululizo kipindi cha korona, na sasa unapanda kwa kasi: milioni 95.5 kwa msimu wa 2025–26 na milioni 104 kwa msimu wa 2026–27. Hakuna ada ya uhamisho kama tunavyoijua katika soka, kwani klabu hubadilishana wachezaji, mikataba na haki za kuchagua chipukizi katika mgawo wa vijana wapya wa kila mwaka. Kwa hiyo dirisha la wachezaji huru ndilo mahali pakuu ambapo klabu hupata mchezaji bila kutoa mwingine, nalo hufunguliwa tarehe 1 Julai saa sita mchana kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo kwetu ni saa moja usiku. Mchezaji huwa huru kabisa akifikisha miaka 27 au akiwa na misimu saba katika ligi. Kabla ya hapo huwa huru kwa masharti, na klabu yake ina haki ya kumbakisha kwa kumpa kiasi kile kile alichoahidiwa na klabu nyingine.

Kipindi kilichonifaa zaidi ni kile cha kusoma mshahara kama sehemu ya ukomo badala ya kuusoma kama fungu la fedha. Connor McDavid alipoanza mkataba wake wa dola milioni 12.5 kwa mwaka katika msimu wa 2018–19, ukomo ulikuwa milioni 79.5, hivyo alichukua karibu asilimia 15.7 ya bajeti ya Edmonton Oilers. Kirill Kaprizov alikubaliana na Minnesota Wild mwaka 2025 mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 136, yaani milioni 17 kwa mwaka, na vichwa vya habari vikasema ligi imeingia wazimu. Lakini mkataba huo unaanza katika msimu wenye ukomo wa milioni 104, kwa hiyo ni kama asilimia 16.3. Umepanda, ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo mno kuliko ambavyo tarakimu mbili zinavyotisha zikiwekwa kando kwa kando. Mwalimu alituacha tufanye hesabu hiyo wenyewe kwa simu zetu kabla ya kusema lolote, na ukimya uliofuata ulikuwa wa watu wanaopiga hesabu upya za klabu zao. Hapa kwetu hakuna ukomo wa mishahara, lakini kila klabu ina mapato yake, na kujua mshambuliaji mmoja anakula asilimia ngapi ya mapato hayo kunafaa zaidi kuliko kujua kwamba analipwa kuliko mwenzake wa timu jirani.

Zoezi la pili lilikuwa bora zaidi, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalohalalisha ada. Tuligawiwa karatasi mbili zisizo na majina. Ya kwanza ilieleza mshambuliaji wa miaka 33 aliyetoka kufunga mabao 42 katika msimu mmoja. Ya pili ilieleza mshambuliaji wa miaka 25 aliyefunga mabao 9, ambaye klabu yake haikumpa hata ofa ya kumbakisha. Kila kundi lilikuwa na bajeti ya kufikirika na lilitakiwa kuandika mshahara na idadi ya miaka. Dada mmoja mtangazaji wa redio, aliyekaa nami kundi moja, alimpa wa kwanza miaka saba bila kupepesa macho na wa pili akamwandikia sifuri kubwa iliyozungushiwa duara. Makundi mengine hayakutofautiana sana naye. Kisha majina yakatajwa. Wa kwanza ni Jonathan Marchessault, ambaye Nashville Predators walimpa miaka mitano kwa dola milioni 5.5 kwa mwaka tarehe 1 Julai 2024, naye akafunga mabao 21 katika msimu uliofuata. Wa pili ni Carter Verhaeghe, aliyeachwa na Tampa Bay mwaka 2020, akachukuliwa na Florida Panthers kwa miaka miwili ya dola milioni moja moja, na baadaye akafunga mabao 42 katika msimu wa 2022–23.

Hapo ndipo mwalimu alipoeleza kwamba mshambuliaji wa hoki kwa kawaida hufikia kilele chake katikati ya miaka ya ishirini na kuanza kushuka kabla ya thelathini, ilhali kanuni za uhuru kamili humfikisha sokoni akiwa na miaka 27 au zaidi. Kwa maneno mengine, soko lenyewe limejengwa hivi kwamba klabu inamlipa mtu kwa kazi aliyokwisha kuwafanyia wengine. Aliyezoea kununua dagaa Mwaloni anajua kwamba juu ya gunia huwekwa wale wazuri, na msimu wa mwisho kabla ya mkataba mpya ndio huo wa juu. Tulifundishwa kuingiza mkono ndani: kuangalia misimu mitatu badala ya mmoja, kuangalia ni mabao mangapi yalifungwa wakati wapinzani wamepungukiwa mchezaji kwa adhabu, ni asilimia ngapi ya mashuti yaliyozaa bao ikilinganishwa na kawaida ya mchezaji huyo, na ni nani waliokuwa wakimlisha. Vipimo vipya kama mabao tarajiwa, yaani mabao ambayo ubora wa mashuti ungetarajiwa kuzaa, vilielezwa kwa ufasaha, bila kutukuzwa.

Nashville ndiyo iliyotumika kama mfano mkuu wa dirisha lililokwenda mrama. Katika siku ile ile moja ya Julai 2024 waliwasajili Marchessault, Steven Stamkos mwenye miaka 34 kwa miaka minne ya dola milioni 8 kwa mwaka, na beki Brady Skjei kwa miaka saba ya dola milioni 7 kwa mwaka. Jumla yake inazidi dola milioni 108 kwa watu watatu, na sifa walizomwagiwa usiku ule zilikuwa nyingi. Klabu iliyokuwa na pointi 99 ikashuka hadi 68 na kukosa mtoano. Mzee mmoja nyuma yangu, ambaye amewahi kuwa kiongozi wa klabu ya mkoa, alicheka na kusema kwamba neno lake ni moja tu, garasa, lakini mwalimu alimkatalia kwa upole. Stamkos alifunga mabao 27, na hilo si garasa katika ligi ile. Kilichokosewa ni kununua miaka ya kushuka kwa bei ya miaka ya kilele, tena kwa wachezaji watatu kwa mpigo, katika timu ambayo haikuwa na kiungo wa kuwalisha. Tofauti hiyo kati ya mchezaji mbaya na mkataba mbaya ndiyo hasa somo zima, na ningependa irudiwe kila mwaka katika mikutano mikuu ya klabu zetu, ambako mchezaji huzomewa kwa kosa la aliyemwandikia mkataba.

Habari ya kuvunja mkataba ilifundishwa kwa mfano wa Zach Parise na Ryan Suter. Minnesota Wild iliwasaini wote wawili tarehe 4 Julai 2012, kila mmoja kwa miaka 13 na dola milioni 98, mikataba ya urefu ambao kanuni zilizofuata mwaka 2013 zilikuja kuupiga marufuku. Mwaka 2021 klabu iliwalipa waondoke. Katika NHL, mchezaji mwenye miaka 26 au zaidi akivunjiwa mkataba hulipwa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ukigawanywa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Kwa hesabu ndogo, aliyebakiza miaka miwili ya dola milioni tatu tatu atalipwa milioni moja kwa mwaka kwa miaka minne. Kwa akina Parise hesabu ilikuwa nzito zaidi kutokana na jinsi mshahara ulivyopangwa, na katika misimu ya 2023–24 na 2024–25 Wild ilibeba karibu dola milioni 14.7 kila msimu kwa watu ambao hawakuwa wakiichezea. Katika msimu wa kwanza kati ya hiyo, kiasi hicho kilizidi asilimia 17 ya ukomo.

"Mwalimu, kwa hiyo hawa mabwana wanalipwa na huku hawapo?" aliuliza yule mzee.

"Ndiyo, mzee wangu, na deni linaendelea hadi msimu wa 2028–29."

Mzee aliandika tarakimu hizo daftarini na kuzipigia mstari mara mbili. Nadhani kila mtu mle ndani alikuwa na klabu yake kichwani, kwa maana habari za timu kufungiwa kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji walioachwa si ngeni kwetu.

Hadi hapa nimesifu, na sifa hizo ni za haki. Upungufu wa kwanza ni kwamba darasa linapenda mno kanuni yake ya umri, hata linaficha mifano inayoisumbua. Nilisubiri kusikia habari za Sergei Bobrovsky na sikuzisikia. Kipa huyo alisainiwa na Florida Panthers mwaka 2019 kwa miaka saba na dola milioni 70, akiwa na miaka 30, na kwa kila kigezo tulichofundishwa huo ulikuwa mkataba wa kukimbiwa. Misimu ya mwanzo iliwapa haki wakosoaji, kiasi kwamba mtoano wa 2023 ulianza akiwa benchi nyuma ya Alex Lyon. Kisha akarudi langoni na kuifikisha timu fainali, na mwaka 2024 na 2025 akatwaa nayo Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa NHL, mara mbili mfululizo. Je, ulikuwa mkataba mbaya uliobahatika, au makipa wanazeeka kwa namna nyingine, au klabu inayotaka kombe ina haki ya kulipa zaidi ya thamani? Nilipouliza, nilijibiwa kwamba makipa ni mada ya peke yake. Jibu hilo halinitoshi. Darasa linalodai kufundisha tathmini haliwezi kuacha nafasi inayoamua mechi kuliko zote.

La pili ni ofa kwa wachezaji walio huru kwa masharti. Tulielezwa vizuri jinsi St. Louis Blues ilivyowapa ofa Philip Broberg na Dylan Holloway wa Edmonton mwezi Agosti 2024, jinsi Edmonton, ikiwa imebanwa na ukomo, ilivyoshindwa kuzifikia ofa hizo, na jinsi ilivyofidiwa kwa haki ya kuchagua chipukizi mmoja wa raundi ya pili na mmoja wa raundi ya tatu. Holloway alifunga mabao 26 msimu uliofuata. Hapo palikuwa pahali pa kuvuka na kuja nyumbani: kanuni za FIFA nazo zinatambua fidia ya mafunzo kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 21, na ukanda huu, kuanzia vituo vya vijana vya Nyamagana na Ilemela hadi Musoma na Bukoba, umetoa vijana wengi ambao walezi wao hawakuambulia kitu kwa kukosa kumbukumbu za usajili. Mwalimu alipita juu kwa juu. Nilisikitika, kwa kuwa mlangoni walikuwapo walezi wawili wa vituo hivyo waliokuja kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Kipindi cha mwisho, kilichotangazwa kuwa cha mikataba ya Tanzania, kilikimbizwa. Tuliambiwa kwamba mkataba wa mchezaji wa soka hauzidi miaka mitano kwa kanuni za FIFA, mitatu kwa aliye chini ya miaka 18, na kwamba mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine katika miezi sita ya mwisho. Hayo ni sahihi, lakini yanapatikana popote. Nilitarajia tuchukue mfano wa timu ya hapa, tuseme Pamba Jiji, iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa na jina linalowakumbusha wazee ubingwa wa 1990, na tujiulize timu iliyopanda daraja igawe vipi fedha zake kati ya wazoefu wa mwaka mmoja na vijana wa miaka mitatu. Zana zote za kujibia swali hilo tulikuwa nazo tayari. Muda ndio uliotuishia, na muda uliliwa na video.

Kuhusu video niseme kwa kifupi. Tulionyeshwa vipande vya mabao tu, na mabao ndiyo sehemu ndogo kuliko zote ya kazi ya mchezaji wa hoki, ambaye huingia na kutoka kila baada ya sekunde arobaini hivi na hutumia muda wake mwingi akifukuzia kisahani, ambacho katika hoki hiyo ndicho huchezwa badala ya mpira, kwenye kona. Mtu aliyeona mabao peke yake hawezi kujua kwa nini beki kama Skjei alipewa miaka saba. Mechi moja nzima, iliyosimamishwa hapa na pale kwa maelezo, ingetufaa kuliko vipande vyote vile.

Ukumbi unatosha. Viti ni vya plastiki, feni ni moja, na kelele za bodaboda huingia dirishani hadi mwalimu analazimika kurudia sentensi. Karatasi za mazoezi ni safi isipokuwa jedwali la ukomo wa mishahara, ambalo lilitolewa kopi ya kopi hadi safu ya mwisho ikawa vivuli vitupu. Chai ipo na haitozwi.

Kwa mhazini au katibu wa klabu ambaye hutia saini mikataba, ada ya shilingi 60,000 ni ndogo kuliko kosa moja la usajili, na namshauri aende bila kusita. Mtangazaji atapata lugha na vipimo vya kumtoa katika habari za dau nono. Anayetaka kuwa wakala asidanganyike kwamba darasa hili linamwandalia leseni, kwani leseni ya FIFA ina mtihani wake, na kanuni zake hazifundishwi hapa hata kidogo. Mlezi wa kituo cha vijana ningemwambia asubiri mpaka sehemu ya fidia iongezwe, au aende na maswali yake yakiwa yameandikwa na akae mstari wa mbele.

Darasa hutolewa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Atakayeweza kuchagua achague lile la Juni, kwa sababu linamalizika dirisha la NHL likiwa linakaribia kufunguliwa, na jioni ya tarehe 1 Julai anaweza kukaa na simu yake kuanzia saa moja usiku, akaandika makadirio yake ya mshahara na miaka kwa kila jina kabla mkataba haujatangazwa, kisha akalinganisha. Alete daftari lenye mistari mipana, kikokotoo, na chaja yake, maana soketi ya ukumbini ni moja na inatumiwa na projekta.